Jembe Nililolifungia Stoo

Jumanne, 16 Januari 1996
Uji saa moja. Dawa ya moyo, dawa ya kupunguza maji miguuni. Nimekaa kitandani hadi jua lilipofika dirishani. Alama: mbili.

Haya ni maagizo ya nesi wa magonjwa ya akili, mjini Bariadi. Anasema huzuni yangu ni ugonjwa kamili, si uzee tu. Amenipa daftari. Kushoto niandike nilichofanya, kulia niupe moyo alama, sifuri hadi kumi. Nimekuwa mwalimu mkuu, nimesahihisha watoto wa watu maisha yangu yote. Sasa najisahihisha mwenyewe. Aibu.

Alhamisi, 18 Januari
Nimelala. Nimeamka. Nimelala tena. Alama: moja.

Binti yangu Kabula ameniletea sabuni ya kunukia. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu tulichokuwa tukikipangia foleni. Sikutaka hata kuinusa.

Nesi alisema nisisubiri moyo uchangamke ndipo nifanye jambo ninalolipenda. Nifanye kwanza, hata kwa uvivu, moyo utakuja nyuma. Nilimwambia hayo ni mambo ya watoto wa shule. Akacheka. "Basi jaribu kama mtoto wa shule, Mwalimu."

Jumamosi, 20 Januari
Kabula amenitoa kwa nguvu. Kaniwekea kiti ukingoni mwa shamba la pamba. Wanawake wa kitongoji wamekuja kupalilia kwetu, ni zamu yetu. Wanalima kwa wimbo, majembe yanapanda na kushuka pamoja.

"Mwangaluka, Mwalimu," wakanisalimu kwa Kisukuma. Mmoja akaongeza, "Mwalimu mkuu kaja kukagua. Nyoosheni mistari." Wakacheka wote.

Nimepewa majani ya maboga niyamenye. Nimemenya ungo mzima. Mguu wangu ukawa unapiga chini kwa kufuata wimbo. Sikuuamuru.

Alama: sita. Nimeifuta. Nimefikiri. Nimeandika tena sita.

Jumapili, 21 Januari
Kanisani sikwenda, pumzi haitoshi. Kutwa kitandani. Alama: mbili.

Nimelinganisha kurasa. Siku za kulala, moja na mbili. Siku ya majani ya maboga, sita. Naogopa ninachokiona.

Jumatano, 24 Januari
Nimerudi shambani. Tano. Kwa hiyo haikuwa bahati.

Basi niandike. Hakuna atakayesoma.

Mke wangu Milembe alinyamaza baada ya kumzika mtoto wetu wa mwisho. Hakupika, hakuchana nywele. Aliniomba kitu kimoja tu: jembe lake, akalime na kuimba na wenzake. Nikakataa. Mke wa mwalimu mkuu atimue vumbi na wanawake wa kijiji, wakati vibarua wapo? Tena nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba mtu wa huzuni apumzishwe. Nililichukua jembe nikalifungia stoo ya shule. Nikamwambia alale. Mimi msomi.

Alilala miezi mitano. Akaacha kula. Akafa.

Sisemi jembe lingemponya. Nesi mwenyewe hajaniahidi kupona. Lakini mgonjwa aliitaja dawa yake kwa jina, nami nikaipiga kufuli.

Ijumaa, 26 Januari
Kuna zaidi. Hili ndilo baya.

Aliyekuwa akiwaongoza wanawake kuimba shambani ni Minza, rafiki wa Milembe. Kila asubuhi alikuja mlangoni, jembe begani, akaita, "Milembe, twende." Nami nikajibu amelala. Kila asubuhi.

Baada ya mazishi mpiga ramli alisema yuko mwanamke aliyekuwa akimwita marehemu kwa jina alfajiri, ndiye aliyemchukua. Kijiji kizima kilijua ni nani. Wakaichoma nyumba yake. Akakimbilia kwa kaka yake, kijiji cha Kalemela.

Nilijua alikuwa akimwitia nini. Sentensi moja ingetosha. Lakini ingebidi nilitaje jembe. Nikanyamaza. Miaka ishirini na miwili.

Leo nimeshtuka kana kwamba nimesikia habari za mtu mwingine. Mwanamke aliyeleta dawa hadi mlangoni ndiye tuliyemfukuza kwa kosa la kuua.

Jumatatu, 29 Januari
Nimemwambia Kabula. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia.

"Baba, nilikutana naye mnadani Nyashimo mwaka jana. Unajua nilifanya nini?"

Nikasema sijui.

"Nilitema mate."

Akaendelea kuchambua. Mchele ulikuwa safi tangu zamani.

Alama: sifuri.

Jumatano, 31 Januari
Kabula hasemi nami. Anaweka uji, anaondoka. Miguu imevimba hadi magotini.

Nimemwita mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili. Nimesema yote. Mmoja wa wale wazee ndiye aliyekuwa na kiberiti siku ile. Hakuna aliyenitazama. Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu, kwa nini unatuambia leo?" Nilisema naogopa kufa na siri hii.

Kabula alikuwa nyuma ya mlango, amesikia. Kesho anapanda basi la Kalemela. Hakuniaga, nimeona tu amefunga mzigo.

Jumapili, 4 Februari
Hajarudi. Jirani ananipikia. Pumzi fupi.

Naomba nisife kabla. Mwaka mzima sijawahi kutaka kesho ifike. Leo nataka.

Jumanne, 6 Februari
Asubuhi, mtu mlangoni. Minza. Kichwa chote mvi. Kabula nyuma yake.

Hakuingia. Hakunisalimu. Alisimama palepale alipokuwa akisimama. Nilianza maneno niliyoyapanga, akainua mkono.

"Mwalimu, ulikuwa unaniambia amelala. Alikuwa amelala kweli?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa macho. Alikuwa anakusikia."

Akainama, akashika magoti kama mtu aliyekimbia. Kisha akauliza jembe liko wapi.

Liko chini ya kitanda changu. Nilipostaafu nililileta nyumbani ndani ya gunia. Kabula akalitoa. Mpini umeliwa na mchwa.

Jumamosi, 10 Februari
Zamu ya shamba letu tena. Minza amefikia kwa mdogo wake, ng'ambo ya mto. Hajasema kama atabaki. Hanisalimu bado, na ni haki yake. Jembe analo, Kabula amelitia mpini mpya.

Sikuweza kutoka leo. Kabula amefungua dirisha akaniegemeza kwa mito miwili.

Wameanza. Sauti moja inatangulia, nyembamba kuliko zamani. Wengine wanaitikia.

Kushoto: nimesikiliza.

Kulia nimepaacha wazi.