Utepe kwenye Kioo

Jumapili, 3 Machi

Nimerudi kutoka kumzika baba mkubwa. Sijavua hata viatu. Harufu imenipokea mlangoni kabla ya mke wangu.

Pampu kimya! Taa ya tangi la samaki wa baharini inawaka, hita inawaka, pampu tu ndiyo haizunguki. Maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wale wawili wa njano wamelala chini ubavu. Yule wa bluu, niliyemlea tangu akiwa mdogo kama kucha, kanasa nyuma ya jiwe. Matumbawe yamejikunja, mengine yanatoa uteute. Aliye hai ni Karani peke yake, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anahema juu ya maji. Nimeumia. Tangi hili lilikuja nyumbani mtoto wa mwisho alipoondoka kwenda kujitegemea, na tangu hapo ndilo limekuwa mtoto wetu.

Sasa, jambo lenyewe. Kabla sijaondoka Alhamisi nilibandika utepe kwenye kioo, usawa wa maji, nikaandika tarehe na sahihi. Ndivyo ninavyofanya kazini kwenye mapipa ya mafuta, na ndiyo maana stoo yangu haipotezi kitu. Nikamwambia mke wangu: kila asubuhi ongeza maji matamu mpaka yafike kwenye utepe. Leo maji yako vidole viwili chini.

Nimemuuliza kama aliongeza. Kasema aliongeza. Pampu ilizima lini? Hajui, hakuona.

Mtu analala nyumba moja na tangi refu kuliko sofa, haoni. Haya.

Shemeji, mdogo wake mke wangu anayekaa chumba cha nyuma, anasema alikuwa zamu ya usiku siku zote hizo na mchana alilala kama gogo. Ila mashine yake ya kunyolea ndevu nimeikuta imechomekwa palepale penye plagi za tangi. Naiandika hapa nisije nikasahau.

Jumatatu, 4 Machi

Kaja fundi wa matangi. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea nyumba.

Kaifungua pampu. Anasema chumvi imeganda ndani, mhimili umeliwa, kifaa kimechoka. Hakuna aliyekizima. "Bosi, hii imejifia yenyewe." Nikamwambia kwenye stoo yangu hakuna kitu kinachojifia chenyewe. Kacheka. Sijaona cha kuchekesha.

Tumetoa mizoga. Tumebadilisha nusu ya maji. Ameniachia mashine ndogo ya mapovu mpaka pampu mpya ipatikane. Na mke wangu — hapa ndipo pananitatiza — kakunja mikono ya gauni, kabeba ndoo kutoka bafuni mpaka sebuleni, moja baada ya nyingine, bila kuombwa. Miaka yote hii hajashika hata wavu! Bidii ya ghafla ina lake jambo.

Halafu fundi anamwita "dada". Dada wa wapi?

Nilipokuwa nawaelekeza nikasema, maji ndiyo yanayoruka kama mvuke, chumvi haiondoki, inabaki na kuzidi ukali. Mke wangu akasema kuna watu wako hivyohivyo. Fundi akainamia ndoo akaanza kukohoa. Kikohozi gani kile.

Jumanne, 5 Machi

Amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, bado iko juu. Karani hali chakula.

Leo ndiyo nimegundua: jiwe la vifungo halipo! Lile lenye matumbawe ya kijani, madogo ya duara, ambayo mke wangu aliyapa jina la vifungo vya shati. Kitu pekee ndani ya tangi alichowahi kukipenda. Nimeuliza. Kasema lilioza, akalitupa Jumapili asubuhi kabla sijafika.

Limeoza. Sawa. Nikangoja aende kuoga, nikashuka kwenye pipa la taka, maana gari la taka halijapita. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka mabegani. Hakuna jiwe. Kuinua kichwa, jirani wa juu, tunayemwita Antena kwa kunasa habari za kila mtu, kasimama na mfuko wake wa taka ananiamkia kwa heshima zote. Nikaitikia nikiwa nimeshika ganda la ndizi.

Jambo la pili. Mchanga wote wa tangi umefunikwa uteute. Jiwe lingetolewa baada ya kuoza, chini yake pangekuwa safi. Pale mahali pake pana uteute kama kwingine kote. Kwa hiyo jiwe liliondoka kwanza, samaki wakafa baadaye.

Nani ananidanganya katika nyumba hii, na kwa nini jiwe?

Alhamisi, 7 Machi

Chumvi inaibiwa!

Ndoo ya chumvi ya tangi ina utepe wake, na kila nikichota nahamisha. Leo iko chini ya utepe, tena kwa bakuli zima. Si mimi.

Nimemvaa shemeji kwenye meza, mke wangu yupo. Nikaanzia mbali, nikafika kwenye mashine ya ndevu, nikatua kwenye chumvi. Kaweka kijiko chini.

"Shemeji, mimi chumvi ya samaki naipeleka wapi? Kwenye uji? Sukari umeibandika utepe, mafuta utepe, sabuni ya maji utepe. Bado mimi tu. Njoo unibandike hapa kwenye paji la uso, uone kama nitapungua."

Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka. Nikamtazama mke wangu, maana yeye ndiye mwepesi wa kucheka kuliko wote katika ukoo wao. Hakucheka. Alikuwa anatazama chupa ya mafuta, pale kwenye sahihi yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Pampu mpya! Fundi kaifunga asubuhi. Ule mvumo umerudi na nyumba imekuwa nyumba. Karani kala punje mbili, katema moja.

Baada ya chakula nikajilaza sebuleni, nasikiliza. Na ghafla nikaketi wima.

Mwanzoni mke wangu aliuchukia mvumo huu. Alisema ni kama kulala na mgonjwa wa pumu. Baadaye akauzoea, na akazoea kupita kiasi. Kuna mara alikwenda kwa dada yake, usingizi ukamgomea, akanipigia simu niiweke karibu na tangi. Nikaiweka juu ya kitambaa, na asubuhi nikaikuta imekata chaji. Mtu huyo pampu izime nyumbani asishtuke? Haiwezekani! Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya kile kingemwamsha kama kengele.

Kwa hiyo hakuwa nyumbani. Shemeji yuko zamu, mimi msibani, yeye hayupo. Ndiyo maana maji hayakuongezwa.

Nikamwendea jikoni. Nikauliza kama mtu asiye na neno: siku zile sipo, ulilala vizuri?

Alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka.

"Vizuri sana," akasema. "Sikuwa nimelala hivyo muda mrefu."

Nimerudi sebuleni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 11 Machi

Ni fundi. Ni fundi!

Kaja kupima maji. Yuko chini ya tangi, kichwa ndani ya kabati, akauliza, "Na lile dogo, maji yake yametulia?"

Nikamuuliza dogo lipi. Halafu akaanza kutafuta bisibisi, na bisibisi iko mkononi mwake. Akasema kanichanganya na mteja mwingine. Jasho likamtoka, na ndani mna feni.

Nimejumlisha. Anavua viatu bila kuambiwa. Anamwita dada. Anajipaka manukato kuja kupima kinyesi cha samaki. Na mke wangu siku hizi akitoka kazini hafiki nyumbani mpaka jua limezama, anasema anapitia kwa dada yake. Nikampigia huyo dada kumjulia hali. Kaniuliza mke wangu hajambo, hawajaonana tangu mwezi uliopita, nimfikishie salamu.

Sijazifikisha. Salamu hizo nimeziweka akiba.

Jumatano, 13 Machi

Tangi linapona. Amonia hakuna. Maji yanang'aa. Na lile tumbawe la pembeni, nililokuwa nimelihesabu maiti, leo limetoa kidole kimoja. Cheupe, kidogo, kinacheza na mkondo wa maji.

Nikasahau yote, nikamwita. Alikuja na kanga ya kulalia, akapiga magoti kando yangu, mashavu yetu karibu na kioo. Kanuka chumvi mikononi, nimeinusa, lakini wakati ule sikutaka kuwaza. Akaweka mkono begani kwangu. Mkono huo sijauona muda mrefu.

"Limepona," akasema. "Nilikuwa nangojea hilo tu. Sasa utaweza kuliangalia mwenyewe."

Akainuka akaenda kukunja nguo.

Mwenyewe? Neno hilo nimelizungusha mpaka sasa. Na nguo zipi anazokunja, wakati za wiki hii bado ziko kwenye kamba?

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapa ngazini, daftari juu ya goti.

Leo nimetoka kazini mapema, nikajibanza ng'ambo ya ofisi ya mke wangu nyuma ya gari la kubeba maji. Katoka. Kanunua mkate. Kakata kushoto, si njia ya nyumbani wala ya kwa dada yake. Kaingia jengo lenye duka la kuchapisha kadi chini, kapanda ngazi. Nikangoja kidogo, nikapanda. Nimevaa shati zuri. Nilitaka fundi anikute nikiwa mtu kamili. Na maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Jumatatu, makali.

Mlango wa mwisho koridoni. Pale nje pana jozi moja tu ya ndara. Zake. Zile alizoniambia zimekatika akazitupa. Nikatafuta viatu vya mwanamume, nikatazama mpaka nyuma ya ndoo ya maji. Hakuna.

Nikasikiliza. Hakuna sauti ya mtu. Kuna mvumo.

Mvumo mdogo, mwembamba, wa pampu ndogo. Nimeujua kabla akili haijataka kuujua. Dirisha la koridoni halina pazia bado. Kitanda cha mtu mmoja, kimetandikwa. Kiti kimoja, kikombe kimoja. Mkate. Yeye ameketi kitandani amenipa mgongo, viatu vya kazini kavua, anatazama ukutani. Na hapo ukutani, juu ya kimeza, tangi dogo. Jiwe langu liko ndani. Vifungo vyote vimefunguka, vya kijani, vimenona, havijawahi kufunguka hivyo nyumbani.

Nikatafuta usawa wa maji. Nimeangalia kioo chote, kulia, kushoto, chini. Hakuna utepe. Hata kipande.

Fundi hayupo. Nilimtaka awepo! Mwanamume ningemshika shati. Hapa nimshike nani?

Nikarudi nyuma taratibu mpaka kwenye ngazi nikakaa, nikatoa daftari, maana sijui kingine cha kufanya na mikono yangu. Nadhani kasikia kalamu. Au kanisikia ninavyohema. Sauti yake imetoka dirishani, haijapanda, haijashuka, sauti ile ya kuniita chakula kimeiva.

"Baba watoto. Mlango sijaufunga. Kama una utepe mfukoni, uache hukohuko nje."

Nimeingiza mkono mfukoni. Upo. Upo kila siku, sikumbuki hata kuuweka.

Nimeutoa. Nimeuweka hapa pembeni yangu kwenye ngazi, vizuri tu, lakini sikuulaza, nimeusimamisha kama gurudumu, na sasa umeanza kubingirika. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Unaruka kama mtoto aliyetumwa dukani. Nimeshainuka nusu, na sijui niteremke kuufuata au —