Pakiti Hazikukatwa, Mama

Mama yangu mpenzi,

Nimekaa ofisini, chai imepoa, na siwezi kutulia. Kila mwaka kampuni hututaka tutie sahihi kanuni zake za maadili: kwamba tumezisoma na hatujui kosa lolote lililotendeka. Tangu tukuzike nimetia sahihi kila mwaka bila kufungua hata ukurasa mmoja. Leo nimezisoma zote.

Unakumbuka ulipokuwa ukiokota taka jaani Dandora? Ukikuta chakula kibovu ndani ya pakiti ulikipasua kwa kisu, ukakimwaga hapohapo, ndipo uendelee na kazi. Nilikuuliza mbona unajisumbua, na sisi hatukili. Ukanikazia macho. "Nikikiacha kizima, atakula mtoto wa nani?" Wenzako walikucheka, wakakuita daktari wa jaa. Wala hukujali.

Sasa mimi ni karani wa ubora katika kampuni ya unga wa uji wa watoto. Kanuni zinasema maneno yako yaleyale, ila kwa urefu: uji uliopitwa na muda usitoke kiwandani kabla ya pakiti kukatwa, na karani ashuhudie. Mama, sijawahi kushuka kushuhudia. Fomu huletwa mezani, natia sahihi, naendelea na mengine.

Jumamosi nilienda Dandora kumjulia hali shangazi. Kando ya barabara nikakuta uji wetu umepangwa kwenye gunia, pakiti nzimanzima, tarehe zimefutwa. Msichana mwenye mtoto mgongoni alikuwa akichagua. Nilitaka kumwambia asinunue, nikaogopa ataniuliza nimejuaje. Nikapita. Naona haya hata kukuandikia.

Nilipomweleza mkubwa wangu, alicheka. "Achana na hizo stori, madam. Wewe saini tu. Hayo ni makaratasi ya kupendeza wageni." Nikajiambia ninyamaze, maana wajukuu wako hawana mwingine ila mimi, na kazi siku hizi unaijua. Nimeinuka kwenye kiti hiki mara sijui ngapi asubuhi hii.

Sikutia sahihi. Nimejaza ule ukurasa wa mwisho, wa kuripoti makosa, ambao sijamwona mtu akiujaza. Palipoulizwa jina la mkosaji, nimeandika langu kwanza. Nimeshaupeleka ghorofani kwa wakubwa, na sasa nasikiliza simu ya mezani. Wakinifukuza, nitajua la kufanya.

Lakini yule mtoto wa mgongoni, mama. Sijui walimpikia nini Jumamosi ile.

Pumzika, nikiweza nitapumzika nami.

Ni mimi, kifungua mimba wako.