Karatasi ya Toroli la Chakula

Mwanangu Naufali,

Baba yako hajambo, bibi Zohra hajambo ila magoti, dada yako Dalila anakusalimu sana.

Toroli langu la umeme la kutunza chakula cha wagonjwa kibaki moto pale hospitali linanitesa. Nalichaji kutwa, lakini Ramadhani hii chakula kikisubiri adhana ya magharibi betri inakufa, kuku anapoa. Nilimwambia mpishi mkuu, akacheka: "Mama Mabruka, acha kumchungulia kuku kama mkwe."

Jumanne wagonjwa sita walitapika baada ya kula kuku huyo. Bibi mmoja mpaka leo hajafumbua macho. Mpishi akaniletea karatasi ya Kifaransa, nisichokijua: "Tia sahihi, Mama, tuombe betri mpya." Nikatia. Sasa wakubwa wa hospitali wanasema nimekiri kwamba sikulichaji toroli.

Nakala iko humu. Wewe uliyesoma, niambie nilikubali nini. Jibu upesi, Jumatatu naitwa kwa mkurugenzi.

Mama yako,
Mabruka