Insulini ya Fundi

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaingia leo na mabegi yake. Kaja kumwangalia mwanawe, kwa sababu mimi, kasema, nimeolewa na chaki. Haya! Kabla chai haijapoa alishapanga upya makabati, vyombo, friji. Fundi kakaa anacheka tu. Tangu aambiwe ana kisukari sijamwona mume wangu akicheka hivyo, basi nikaubana mdomo. Hata sindano zake sasa ni kazi ya Mama. Asubuhi na jioni anamletea chupa ya insulini mkononi.

Alhamisi, 7 Machi
Sukari ya Fundi imepanda. Kiu haimwishi, chooni haondoki. Nimemuuliza amekula nini. Hajala kitu. Mama anasema huko karakana wanakunywa soda, yeye anawajua wanaume — asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempekua mifuko. Misumari, penseli, vumbi la mbao. Kaniona. Akaiokota misumari yake, akatoka. Bora angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi
Kidato cha tatu: molekuli kubwa za viumbe hai. Wanga, mafuta, protini, DNA. Protini nimewaonyesha kwa uzi — mnyororo mrefu uliojikunja kwa namna yake, na kazi yake yote imo kwenye ule mkunjo. Ukivurugika, kwisha kazi. Yule mtundu wa nyuma kauliza: yai la kuchemsha likitiwa friza, litarudi bichi? Darasa zima kicheko. Nikacheka na mimi. Nikawaambia halirudi, na zipo protini ambazo hata kuganda kunaziharibu. Insulini, kwa mfano. Ikiyeyuka unaiona vilevile, lakini haifai tena.

Nyumbani nikamkuta Fundi anatapika. Pumzi inanuka matunda yaliyochacha. Mashine ya kupimia sukari haikutoa namba, imeandika tu kwamba imepita kiwango. Mama alikuwa ameshamwongezea dozi — wapi! Nikamwambia Fundi, sema ukweli, umekula nini? Akaapa kwa kaburi la babake. Sikumwamini. Jirani katutolea gari mpaka hospitali.

Jumanne, 12 Machi
Hajitambui. Daktari anasema damu imejaa asidi, kama mtu asiyechomwa insulini kabisa. Nikabisha! Anachomwa kila siku, mama yake shahidi.

Nikarudi nyumbani kuchukua shuka na dawa zake. Mlango wa friji, hamna chupa. Rafu, hamna. Nikafungua friza. Zimo zote, zimefungwa kwenye kitambaa safi, ngumu kama kokoto. Mama kaja nyuma yangu, kaniambia kwa fahari: umeme unakatika mno, mwanangu, huku juu baridi inakaa. Kila wakati wa sindano huitoa chupa mapema, huishika kiganjani mpaka iyeyuke, asije akamchoma mwanawe kitu cha baridi.

Nilikaa sakafuni. Fundi hakunywa soda. Hakula kitu. Tulikuwa tunamchoma maji, halafu tunamwita mwongo. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwona Mama anazifunga tena zile chupa, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, nikachukua shuka nikatoka. Namchukia. Nampenda pia, jamani, hilo ndilo linaloniua.

Jumatano, 13 Machi
Naandika nikiwa wodini. Sukari imeanza kushuka, macho bado hayafunguki. Daktari hana uhakika kama yatafunguka. Nimemweleza faraghani habari ya friza. Kasema Mama lazima aambiwe, na aambiwe na mtu wake. Mtu wake ni nani kama si mimi?

Mama yuko upande wa pili wa kitanda, anamkanda mwanawe miguu. Hajala tangu jana. Kasema nisilie, kosa si langu, mwanamke hawezi kumlinda mume mpaka kazini. Kasema Fundi akiamka tusimgombeze kwa zile soda. Tumsamehe tu, mimi na yeye, yaishe.

Kaacha kumkanda. Ananitazama, anangoja niseme ndiyo —