Mwenyekiti, Jiko na Wajumbe Wapya

CHAMA CHA JIRANI, SHELLA, MALINDI
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumamosi tarehe 24 Januari 2026, ukumbi wa chama, baada ya sala ya Alasiri

Waliohudhuria:
Bw. Farjallah Omar – Mwenyekiti
Bi. Zeina Mazin – Mjumbe
Bi. Aaliya Salim – Mjumbe
Bi. Kanze Mwaringa – Mjumbe
Mwl. Mwambire – Mjumbe
Bi. Kabibi Thoya – Katibu (hana kura)

Aliyekosa: Bw. Alamin, mjumbe, kwa udhuru wa homa. Katibu alimpita njiani akila viazi karai.

KUMB. NA. 1/01/2026: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwakaribisha Bi. Zeina, Bi. Aaliya na Bi. Kanze, ambao katika uchaguzi wa Desemba, katikati ya muhula wake, walitwaa viti vya watu wake watatu. Alisema "karibuni" mara moja, kwa wote.

KUMB. NA. 2/01/2026: SEBULE YA TELEVISHENI
Mwenyekiti alipendekeza kwamba jiko la ukumbi libomolewe, pajengwe sebule ya kutazamia taarifa za ulimwengu, kama alivyoahidi alipogombea. Bi. Kanze aliuliza pilau ya harusi na chakula cha matanga vitapikwa wapi. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo litaangaliwa na wataalamu. Wataalamu hawakutajwa. Waliokubali: Mwenyekiti na Mwl. Mwambire. Waliokataa: wajumbe wapya wote. Hoja ilianguka.

KUMB. NA. 3/01/2026: AMRI YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alisema basi atalibomoa kwa amri yake mwenyewe, kama rais wa Marekani anavyotia sahihi mbele ya kamera. Alimtaka Mwl. Mwambire, mwalimu mstaafu wa historia na serikali, athibitishe.

Mwl. Mwambire alieleza kwamba rais wa huko hutoa amri kweli, lakini fedha za kuitekeleza ziko mikononi mwa Kongresi. Kongresi ikiwa ya chama chake, mambo humwendea. Uchaguzi wa katikati ukiwapa wapinzani viti, miswada yake hulala na watu wake huitwa kuhojiwa. Hubakiwa na kura ya turufu, nayo hupinduliwa na theluthi mbili ya kila baraza. Aliongeza kwamba rais mwerevu akifika hapo huwaita wapinzani wanywe chai.

Mwenyekiti alimuuliza Mwalimu yuko upande gani. Bi. Zeina aliuliza iwapo kamati nayo yaweza kumhoji Mwenyekiti. Mwalimu alisema yaweza, kisha akamwomba Mwenyekiti radhi.

KUMB. NA. 4/01/2026: KUHOJIWA KWA MWENYEKITI
Bi. Zeina aliuliza: "Kaka Farjallah, kwako kuna televisheni imejaa ukuta. Hii nyingine ya nini?"

Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Bi. Zeina alisema jiko nalo ni la watu wote, na akangoja.

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu mkewe, marehemu Bi. Wafa, atangulie mbele ya haki, hutazama taarifa peke yake. "Nikimtukana yule rais, hakuna wa kunijibu. Wafa alikuwa akimtetea makusudi, tupate kubishana mpaka usingizi."

Bi. Zeina alipendekeza jiko libaki, na televisheni itundikwe kwenye baraza ya jiko, watu watazame huku sufuria ziko motoni. "Na huyo rais wako nitamtetea mimi," alisema. Mwenyekiti alimwambia hamjui hata jina. Bi. Zeina alijibu kwamba hilo halitamzuia. Hoja ilipita kwa kura zote.

KUMB. NA. 5/01/2026: RIMOTI
Mwenyekiti aliomba rimoti ikae kwake, kwa heshima ya cheo. Waliokubali: Mwenyekiti. Waliokataa: wengine wote, akiwemo Mwl. Mwambire.

KUFUNGA
Kikao kilikwisha adhana ya Magharibi ilipoanza. Mwenyekiti alitia sahihi baada ya kukumbushwa mara mbili, kwa kuwa alikuwa mlangoni akibishana na Bi. Zeina juu ya Seneti.

Farjallah Omar, Mwenyekiti ................
Kabibi Thoya, Katibu ................