Gitare ya Papa Kisimba

Kalemie, siku ya Mungu, baada ya misa

Mama mupenzi,

Mugongo wako unaendelea namna gani? Na mihogo, nguruwe wa pori hawajaiharibu tena? Mimi niko muzima. Homa ilinikamata lakini imepita. Kuna baba mumoja anapanda mashua kesho kuja Mpala, nimemuomba akufikishie barua hii mukononi.

Uliniuliza kama nimezoea. Kwenye masomo ninapofundisha nimezoea. Watoto wananipenda, na direkta wa masomo ananiita "citoyenne", mwananchi, kwa heshima. Jioni njo ngumu. Nikifunga mulango wa darasa, hakuna mutu wa kuniuliza nimekula nini.

Njo vile nilianza kwenda kwa Papa Kisimba. Ni muzee tuliyekaa naye lupango moja, uwanja mumoja, ukuta kwa ukuta, mufanyakazi wa zamani wa gari-moshi, aliyekuwa akipiga gitare kwenye karamu za muji huu. Kiharusi kiliua mukono wake wa kushoto, kisha bibi yake akafariki, na gitare ikabaki ukutani. Siku moja nilimupelekea samaki, macho yangu yakabaki pale ukutani.

— Unaitaka?

— Sijui kupiga, Papa.

— Sikukuuliza kama unajua.

Wanawake wa lupango walicheka: mwalimu mwanamuke na gitare, ataolewa na nani? Mimi nikaichukua gitare. Vidole viliniuma mpaka kushika chaki ikawa taabu. Papa hakuweza kunionyesha, aliniambia tu kwa mudomo: "Panda juu. Bana kwa nguvu. Kidole gumba kisilale." Nilipiga kila jioni, kidogo tu, mbele ya kupika bukari.

Kisha mitihani ikafika, na Jumamosi zote salongo, kazi ya lazima ya kusafisha muji. Niliacha gitare kwa majuma. Niliporudi nilitaka kulipa yote kwa siku moja, nikapiga kutwa nzima mpaka damu ikatoka. Papa alikasirika.

— Bukari ya juma muzima, unaikulaka siku ya Mungu peke yake? Vidole vinasahau, mutoto wangu. Vinataka kukumbushwa kila siku, hata kidogo.

Halafu akashusha sauti. Mutoto wake wa kiume alikuwa anakuja kumuchukua, wakaishi pamoja Kabalo. Na kulikuwa na wimbo alioutunga wakati anamuposa bibi yake. Hakuwahi kumufundisha mutu.

— Nataka kuusikia mara moja mbele ya kuondoka. Mukono wangu umekufa. Wako utaweza, kama hautaruka siku.

Sikuruka tena, Mama. Hata na ile homa nilikaa kwenye mukeka, gitare mapajani. Yeye aliimba, mimi nikautafuta wimbo kwenye nyuzi. Katikati kuna mahali vidole vinapaswa kuruka mbali, na pale nilishindwa jioni baada ya jioni. Nililia. Papa alingoja nimalize kulia, kisha akaanza kuimba upya.

Mutoto wake alifika, vyombo vikafungwa. Siku iliyotangulia safari, Papa aliketi inje na mimi nikapiga. Wanawake waliacha kuosha masahani. Pale katikati kidole kiliteleza kidogo lakini sikusimama. Nilipomaliza nikamuona ameushika ule mukono uliokufa kwa mukono muzima, anavikunja vidole vyake kimoja kimoja kama vyangu. Machozi yalitoka, hakuyapanguza.

— Bibi yangu alikuwa anacheka pale katikati, akasema. Kila mara.

Pale gareni, kwenye kituo cha gari-moshi, Papa alikataa kuichukua gitare. "Kule nitaiangalia tu. Kaa nayo." Gari-moshi likaondoka.

Sasa nyumba yake ina familia ingine. Ni watu wazuri, tunasalimiana. Mimi napiga kila jioni, na mahali pale pa katikati pamekuwa pepesi. Lakini zamani nikikosea, muzee alikohoa upande wa pili wa ukuta, nikajua kuna mutu ananisikia. Sasa nakosea, na hakuna anayejua. Sikuwaza kama kitu kile kingeniuma vile.

Unisalimie shangazi anayeuza dagaa pale bandarini, na katekista aliyenifundisha kusoma, na mudogo wangu. Umuambie asiache masomo. Likizo ikifika nitakuja na gitare, nikupigie wimbo ule mbele ya jiko lako. Wewe ucheke mahali popote unapotaka.

Mimi mutoto wako anayekuwaza,
Feza