Saa Alizoandika Baba

Mbezi Luis,
9 Septemba

Kwa kaka Ansbert,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Bukoba, wewe, wifi na watoto. Sie miili haijambo. Ya moyoni ndiyo yamenishikisha kalamu, maana nikikupigia simu Baba anakuwa karibu.

Uliwahi kuniuliza chuoni nasomea nini hasa, ukanicheka kwamba nalipeleleza jua. Ni hivi: penye madoa ya jua pana sumaku kali. Gesi inayochemka chini huitikisa, na mtikisiko unapanda juu kuwa wimbi, kama ukivuta kamba ya kuanikia nguo upande mmoja. Mie nilitaka kujua wimbi hilo linachukua muda gani kufika. Picha za madoa nazipata kwenye kompyuta. Wimbi likifika juu, mshale wa redio niliyoifunga hapa nyumbani unaruka, na lazima mtu aandike saa.

Mtu huyo ni Baba. Tangu Mama atutoke alikuwa hali, haongei, anatazama ukuta tu. Nikampa daftari, na kaka, mzee akafufuka. Anavaa shati lake la kufundishia, ananinyamazisha hata nikikoroga chai, na kanisani anawaambia watu kwamba yeye na binti yake wanapima jua.

Mwezi wa tano nikaona mawimbi mengine yanafika kabla doa halijatikisika. Nikapekua daftari. Saa nyingine Baba ameandika za Kizungu, nyingine za Kiswahili. 3:10 yake siku moja ni asubuhi, siku nyingine ni alasiri. Nilipomuuliza kwa kuzunguka, alisema yeye anaandika saa kama zilivyo. Miaka miwili, na hakuna awezaye kuzitenganisha.

Wiki iliyopita msimamizi wangu, Dokta Venance, naye akaliona kosa. Akauliza nani aliandika. Nikasema ni mimi. Kazi imekataliwa, na muda wangu chuoni umekwisha.

Kaka, nisamehe. Nilijua tangu mwezi wa tano nikanyamaza, nikamwacha aendelee. Mahafali hayapo tena, kwa hiyo wazuie ndugu wasije, tafuta sababu yoyote. Kumwambia Baba siwezi, na kumficha nako kunanimaliza. Jana amejaza ukurasa wa mwisho, akaniagiza daftari jingine. Nimemnunulia.

Nisalimie wifi na watoto. Baba naye anawasalimu sana, anasema leo jua limetikisika mara nne.

Ni mimi mdogo wako,
Kokuberwa